Kiswahili Hakijamzuia Mtu Kusema Kiingereza

Ukiingia katika shule nyingi za Ingilishi midiamu, utakuta tangazo ukutani kwamba ndani ya geti ni Kiingereza tu. Zipo ambazo mtoto akiponyokwa na neno la Kiswahili anavishwa kibao shingoni, na atakaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo amhamishie. Kenya wapo wanaokiita monto, wapo wanaokiita diski. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi mambo hayohayo yalivyofanywa wakati wa ukoloni kwa watoto waliosema Kikuyu shuleni. Mkoloni ameondoka, kibao kimebaki, na sasa wanaokichonga ni sisi wenyewe. Mwalimu mkuu atakueleza utaratibu huo bila haya na mzazi ataitikia kwa kichwa, kwa kuwa wote wawili wanaamini jambo moja: kinachomzuia mtoto kujua Kiingereza ni Kiswahili. Kiondoe hiki, kile kitaingia.

Imani hiyo haiishii kwenye shule za kulipia ada. Ndiyo iliyokifanya Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia masomo karibu yote ya sekondari nchini Tanzania. Ndiyo inayojaza madarasa ya prifomu wani kila mwaka baada ya mtihani wa darasa la saba. Na ndiyo inayouzwa kwa watu wazima katika kozi za jioni na za kwenye simu, ambako mtu mwenye kazi na familia anaambiwa asitafsiri hata siku moja, asiguse kamusi ya lugha mbili, awaze kwa Kiingereza tangu somo la kwanza. Naipinga imani hiyo, na naipinga kwa sababu nataka watoto wetu wakijue Kiingereza. Njia tunayoifuata ndiyo inayowanyima.

Mzazi anayejinyima ili alipe ada ya Ingilishi midiamu ana sababu zake, na ni sababu nzito. Ameona usaili wa kazi ukiendeshwa kwa Kiingereza hata kwa kazi ambayo mwajiriwa atahudumia Waswahili watupu kuanzia asubuhi hadi jioni. Ameona kijana mwenye akili akirudi nyumbani kwa sababu alishindwa kujieleza kwa dakika tano mbele ya watu watatu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia na akataka tusikiache. Kwamba tunakihitaji, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye hatua inayorukwa: kwa kuwa tunakihitaji, basi kila somo lifundishwe kwa Kiingereza na kila neno la Kiswahili liadhibiwe. Hilo "basi" limetoka wapi?

Jibu tunalopewa siku zote ni kwamba mtu hujifunza kuogelea akiwa majini. Sawa. Lakini maji yenyewe yako wapi? Mtoto aliyehamia London na wazazi wake anakutana na Kiingereza kwenye basi, dukani, kwenye televisheni, kwenye uwanja wa mpira, kwa jirani, kwa mtoto anayemgombania bembea. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza kule Nzega au Mpwapwa anakutana nacho kwa mwalimu na ubaoni, basi. Kipindi ni dakika 40. Wakiwa 60 darasani, hata mwalimu akae kimya kipindi kizima, kila mmoja atapata sekunde 40 za kufungua kinywa. Na mwalimu hakai kimya. Wakitoka darasani, uwanja, barabara, soko, msikiti, kanisa, redio na jikoni kote ni Kiswahili au lugha ya nyumbani. Ukimkataza mtoto huyu Kiswahili hujamwongezea Kiingereza hata chembe. Umemwongezea kimya.

Kaa nyuma ya darasa la bayolojia usikilize. Mwalimu anaandika ubaoni, kwa Kiingereza, maana ya usanisinuru. Anaisoma, anauliza kwa Kiingereza kama wako pamoja, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja kwamba ndiyo. Anageuka, anayaona macho yao, anajua. Basi anashusha sauti na kuanza upya kwa Kiswahili: jani, mwanga wa jua, maji yanayopanda kutoka mizizini, hewa ukaa inayoingia kwenye vitundu vya jani. Hapo mikono inainuka. Msichana mmoja anauliza mbona mahindi yaliyopandwa chini ya mwembe yanadumaa na ya upande wa pili wa shamba yananawiri. Darasani hapo halikuulizwa swali bora kuliko hilo siku nzima, na limeulizwa kwa lugha iliyopigwa marufuku. Kisha wote wanainama kunakili noti za Kiingereza, zile watakazozimeza usiku wa kuamkia mtihani.

Fungua daftari la msichana yuleyule. Neno photosynthesis limeandikwa bila kukosea herufi hata moja. Geuza upate zoezi la Kiingereza: ameagizwa aandike kwa nini alichelewa shule. Ameandika kwamba alichelewa, ameandika kwamba mvua ilinyesha, na katikati ameacha nafasi tupu. Hajui kusema "kwa sababu". Binti huyu amepewa neno ambalo Mwingereza wa kawaida hulitaja mara chache sana maishani, akanyimwa neno ambalo Mwingereza huyohuyo hulitaja kabla hajamaliza chai ya asubuhi.

Wanaofundisha Kiingereza kwa wageni wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Maneno hayo machache ndiyo yanayojaza takribani sehemu nne kati ya tano za ukurasa wa kawaida. Paul Nation wa Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na vinyambuliko vyake, na ili afuate mazungumzo anahitaji 6,000 hadi 7,000. Safari ni ndefu, na ina mahali pake pa kuanzia. Yale 2,000 ya mwanzo ndiyo yenye "kwa sababu", "ingawa", "azima", "tosha", "punde". Sisi tunamchukua mtoto ambaye hajayapata hata nusu ya hayo, tunamtupa kwenye vitabu vya fizikia, jiografia na historia vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuyapata yote, halafu tunasema amezama katika lugha.

Na maneno hayo 2,000 yanapatikana vipi upesi? Kwa Kiswahili. Nation huyo, ambaye ni miongoni mwa watu walioandika zaidi duniani juu ya ufundishaji wa msamiati, hasiti kupendekeza tafsiri ya lugha ya mwanafunzi kuwa miongoni mwa njia za haraka na za uhakika za kumfikishia maana. Jaribu kumweleza mtoto neno "borrow" kwa Kiingereza kitupu: utatumia maneno kumi, matano kati yake hayajui. Mwambie ni kuazima au kukopa, umemaliza, na dakika tatu zilizobaki atunge sentensi zake mwenyewe kuhusu kalamu, jembe na hela ya nauli. Yule anayekataza tafsiri anadhani anaokoa muda wa Kiingereza kumbe anaupoteza kwenye kubahatisha.

Kwa mtu mzima anayejifunza peke yake, jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu muda wake ni mfinyu. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba tunachokariri hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kukirudia kwa kuachanisha siku kunakishikilia kuliko kukirudia mara nyingi kwa mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza namna ya kulifanya hilo kwa kadi na kisanduku chenye vyumba: kadi unayoijua inasogea mbele na unaiona kwa nadra, unayoisahau inarudi nyuma uione kesho. Kata karatasi ngumu. Upande mmoja andika neno la Kiingereza ndani ya sentensi inayokuhusu, upande wa pili Kiswahili chake. Hakuna ada ya kulipa. Andika neno pamoja na wenzake linaofuatana nao, maana sisi tunaopiga simu, pasi na kura tunajua tangu utotoni kwamba neno halitembei peke yake, na ujuzi huo tayari tunao kwa sababu ya Kiswahili.

Hata matamshi yanakuwa mepesi mtu akiruhusiwa kulinganisha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, siku zote. Kiingereza hakina utulivu huo: photograph mkazo uko mwanzoni, photographer umehamia silabi ya pili, photographic umesogea ya tatu. Mwanafunzi asiyeelezwa hilo anabeba mkazo wa Kiswahili kwenda nao Kiingereza, na msikilizaji mgeni anapotea ingawa kila herufi imetamkwa. Ukimweleza kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, anaanza kusikiliza kitu ambacho hakujua kuwa kipo. Nimewaona watu waliosoma Kiingereza tangu utotoni wakiambiwa hili ukubwani, na uso unabadilika palepale.

Sasa nenda Malindi. Waitaliano wamekuwa wakifika na kuishi pale kwa miongo kadhaa, na utakuta vijana wa ufukweni, wauza vinyago, wapishi na madereva wa tuktuk wanaozungumza Kiitaliano cha kuteta bei, kutania, kugombana na kupatana tena. Hakuna aliyewafundisha bayolojia kwa Kiitaliano. Hakuna aliyewavisha kibao kwa kusema Kigiriama. Walikuwa na haja, walikuwa na watu wa kuongea nao, na walikosea mbele za watu bila kuchapwa.

Au panda Kilimanjaro uone wagumu, vijana wanaobeba mizigo ya watalii kichwani na mgongoni. Yupo kijana aliyeishia darasa la saba, akaanza na sentensi za maji, baridi, mapumziko. Anapita njia ileile ya Marangu au Machame msimu baada ya msimu, maneno yaleyale yanarudi, na kila safari anaongeza machache. Jioni kambini kiongozi wa msafara anamuuliza mgeni kama kichwa kinauma, kama amekula, kama jana alilala, kama anahisi kutapika, maana ugonjwa wa mwinuko unaua na swali likikosewa mtu anaweza kufa. Kijana anasikiliza hayo kila jioni. Likimtatiza neno anamuuliza mkubwa wake kwa Kiswahili au Kichaga, anajibiwa, kesho analitumia. Baada ya miaka anakuwa yeye ndiye anayeuliza maswali hayo na kuelewa majibu. Mlimani kote wao kwa wao wanasema Kiswahili, na Kiingereza chao hakijapungua.

Nitaambiwa hicho ni Kiingereza cha kazi, si cha chuo. Kweli. Lakini mhitimu wetu wa kidato cha nne, aliyefundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza kwa miaka minne, mara nyingi hana hata hicho. Ananyamaza pale mgumu anapoongea.

Na haya serikali zetu zilikwisha kuambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie Kiswahili kuanzia 1985, na Kiingereza kiimarishwe kama somo. Pendekezo hilo la lugha halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walipima shule zetu na kukuta kwamba Kiingereza kimekoma kufanya kazi kama lugha ya kufundishia: wanafunzi wengi hawakuweza kusoma vitabu vyao. Hata hivyo walishauri kibaki palepale, kikaletewa mradi wa msaada. Kitu kizuri kimoja katika mradi ule kilikuwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi. Yaani hata waliokitetea Kiingereza cha kufundishia walijua kwamba mtoto hatajifunza lugha kutoka kwenye kitabu cha kemia. Anahitaji hadithi anayoielewa.

Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa mradi wa lugha ya kufundishia uitwao LOITASA, akiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliendelea kusisitiza kwamba kufundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza ni kazi mbili, na kwamba tunaharibu zote mbili tunapozichanganya. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili hadi ngazi za juu. Toleo lake la 2023 likakirudisha Kiingereza sekondari. Miaka 40 tunalizungusha suala hilohilo, na kila kizazi cha wanafunzi kinapita katikati.

Rwanda nao walikata shauri mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, na walimu waliosoma maisha yao yote kwa Kifaransa wakajikuta wanatakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wengi wao walikuwa bado wanaisaka. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda. Mwaka 2019 yakatolewa tena. Mabadiliko hayo yote yanafanyika juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba ambaye kazi yake mwaka huo ni kujua kusoma tu.

Ulinganishe na kilichofanyika Fiji. Watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika madarasa ya shule za vijijini vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kwa kila darasa. Watoto wa darasa la nne na la tano, ambao nyumbani walisema Kifiji au Kihindi, wakawa wanasoma au kusomewa kila siku kwa muda mfupi. Katika ripoti yao ya mwaka 1983, watoto hao walipiga hatua katika kusoma na kuelewa Kiingereza kwa kasi kama mara mbili ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida. Hawakuvishwa chochote shingoni. Walipewa vitabu vyenye picha, vyepesi, vingi. Nendeni mkahesabu vitabu vya hadithi vilivyo katika shule yenye bango kubwa la kukataza Kiswahili, muone kama vinafika idadi hiyo kwa shule nzima.

Mwalimu Nyerere, ambaye jina lake hutajwa na kila upande wa mjadala huu, alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kama 12, akitoka nyumba iliyosema Kizanaki. Alipita Kiswahili kwanza, Kiingereza kikafuata, halafu Tabora, Makerere na Edinburgh. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, zikajulikana kama Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kuchelewa kuanza hakukumzuia. Najua nitajibiwa kwamba enzi zile waliosoma walikuwa wachache na wa kuchaguliwa. Ndivyo, na ndiyo maana simleti kama ushahidi kwamba kila mtoto atakuwa yeye. Lakini tazama waliokuwa nacho wale wachache: madarasa madogo, walimu waliokijua Kiingereza barabara, na vitabu vya kusoma. Sisi tumeacha hivyo vyote tukashika marufuku.

Uholanzi na Sweden watoto husoma hesabu na sayansi kwa lugha zao, na Kiingereza ni somo. Leo Mholanzi wa kawaida anazungumza Kiingereza vizuri kuliko wahitimu wetu wengi. Lugha zao ni jamaa wa Kiingereza, jambo linalowarahisishia, sikatai. Lakini wana kingine pia: filamu za Kiingereza huonyeshwa kwao kwa sauti zake zenyewe, na maneno ya lugha yao yanapita chini ya picha. Mtoto anasikia lugha hii na kusoma ile, jioni baada ya jioni. Kwetu kwenye vibanda vya video filamu huja imetafsiriwa na dijei anayepiga kelele juu ya waigizaji. Nawapenda wale madijei, wana kipaji. Ila kila saa moja ya sinema ni saa moja ya Kiingereza iliyofunikwa, na hatujawahi kuona shule inayojali kuonyesha wanafunzi filamu ile kwa sauti yake, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Kuongeza maji ni kazi kama hiyo.

Hoja ya Kenya huja hapa: mbona Wakenya wanakizungumza vizuri? Wakenya wa wapi? Nairobi kuna maji. Kiingereza kipo nyumbani, ofisini, redioni na kwenye matatu. Mtoto wa Turkana au wa bara ya Kwale hana hicho, na matokeo ya shule zao hayafanani na ya Nairobi. Na Kenya yenyewe, tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa na sera ya kufundishia madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya eneo la mtoto. Inakiukwa mno, na wanaoikiuka ni waamini wa kibao.

Kuna mzazi mwenzangu atakayeniambia kwamba mwanawe anasoma Ingilishi midiamu na anaongea vizuri, hivyo njia inafanya kazi. Namuuliza: nyumbani kwako hakuna vitabu? Huongei naye Kiingereza wewe? Hakuna katuni, hakuna simu, darasa lake lina watoto wangapi? Mtoto huyo amefanikiwa kwa sababu ya hivyo, na angefanikiwa hata ubavuni pa Kiswahili kitamu. Kibao kimejitwalia sifa isiyo yake. Anayelipia kosa letu ni mtoto wa pili, yule ambaye nyumbani hakuna kitabu hata kimoja, na shuleni amefundishwa kwamba lugha anayoimudu ni aibu.

Aibu hiyo ndiyo inayoua usemaji kuliko kitu chochote. Kusema lugha ya pili ni kukosea hadharani mara elfu. Sisi tumejenga nchi ambayo mtu akikosea Kiingereza anachekwa. Mrembo aliyeshinda taji akijikwaa kwenye sentensi moja, kipande chake kinazungushwa kwenye simu nchi nzima. Mchezaji mpira aliyesajiliwa nje akijibu waandishi kwa Kiingereza cha kuungaunga, tunamcheka kwa wiki nzima, wakati wachezaji wengi wa mataifa mengine hujibu kwa mkalimani na hakuna anayewacheka. Kisha tunashangaa kijana kwenye usaili anaganda. Amejifunza tangu akiwa na miaka sita kwamba kinywa kikikosea kinalipa. Anachagua kutokosea, na njia ya uhakika ya kutokosea ni kutosema.

Kinachofungua kinywa kinajulikana. Keith Maurice alieleza mwaka 1983 zoezi jepesi: mwanafunzi anamweleza mwenzake jambo analolijua kwa dakika nne, anahamia kwa mwingine analieleza lilelile kwa dakika tatu, anahamia kwa wa tatu kwa dakika mbili. Habari ni moja, kwa hiyo akili haihangaiki na la kusema, inahangaika na namna ya kulisema, na ulimi unaanza kwenda. Wape kwanza dakika mbili za kupanga kwa Kiswahili, wakubaliane watasema nini kuhusu bei ya samaki au mechi ya Jumamosi, halafu waachie. Wakiwa 60, thelathini wanaongea kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyekuwa na sekunde 40 sasa anapata dakika tisa. Darasa litakuwa na kelele, na makosa yatakuwa mengi, na mwalimu ayaache mpaka mwisho. Mtu mzima anayejifunza peke yake ajirekodi kwenye simu akieleza siku yake, asikilize, aandike kwa Kiswahili yale aliyoshindwa kuyasema, ayatafute, arekodi tena.

Mwalimu wa Kiingereza, kwa upande wake, asibebeshwe lawama zisizo zake. Wengi wao walipita katika mfumo huuhuu, wakafundishwa na watu waliofundishwa na mfumo huuhuu. Mwalimu wa fizikia anayeijua fizikia na anayeweza kuieleza ikaeleweka, tunamlazimisha aonekane mjinga mbele ya wanafunzi wake kwa sababu ya lugha, kisha tunasema elimu imeshuka. Mwache afundishe fizikia kwa Kiswahili. Mpe mwenzake wa Kiingereza vipindi zaidi, kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili kwa kila dawati, na kabati la hadithi nyepesi linalofunguliwa kila siku. Masomo ya ualimu wa lugha yawe ya kweli, na mshahara uwe wa mtu tunayetaka abaki darasani.

Na mtihani ubadilike. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa kalamu na karatasi. Mtahiniwa anaweza kupata alama nzuri bila kutamka sentensi moja mbele ya mtu. Walimu hufundisha kinachotahiniwa, wala hatuwezi kuwalaumu. Tukitaka watu wanaosema Kiingereza, kila mtahiniwa akae na msikilizaji kwa dakika kumi waongee juu ya mambo ya maisha yake, na alama zake zihesabiwe. Watasema ni gharama, ni watahiniwa wengi mno, haiwezekani. Lakini kila mwaka tunaendesha mitihani ya vitendo ya kemia na bayolojia, tunapeleka asidi, mizani na sampuli hadi sekondari za kata, kwa sababu tulikubaliana zamani kwamba mtu hawezi kuitwa mwanakemia kwa kuandika tu. Wasikilizaji wawili kwa kila shule, waliofunzwa vizuri, ni mzigo mwepesi kuliko maboksi ya chupa.